Mkeka, Kopo na Hema la Tandika

Mama mkubwa alilishika begi langu kwenye pembe zake za chini, akaligeuza, akamwaga kila kitu mkekani. Magauni manne. Viatu virefu vya ngozi. Pasi ndogo ya umeme. Taulo zito, lile la kuogea nyumbani. Chupa mbili za manukato na kioo cha mezani. Akavitazama kwa muda bila neno, kisha akaketi, akakunja miguu.

"Mwanangu, mwenye begi hili haendi kulala chini. Anakwenda harusini."

Ilikuwa mwanzoni mwa Agosti 2022, sebuleni kwake Mbagala Charambe. Barabara ya Kilwa ilikuwa imefumuliwa kwa ujenzi wa njia ya mwendokasi, na vumbi lake nilikuwa nimeingia nalo ndani, nyweleni na kwenye mikunjo ya viatu. Nilikuwa nimekuja kumweleza kwamba mwezi unaofuata nakwenda Uganda, mahali panapoitwa Itanda, kwenye maporomoko ya Mto Naili, kusikiliza muziki siku nne na kulala hemani. Sikuwa nimewahi kulala hemani hata usiku mmoja.

Nieleze kwanza kwa nini mtu wa Temeke asafiri siku mbili kwa basi kuufuata muziki ambao usiku wa Jumamosi unamzuia kulala kwake. Singeli nimeisikia ikikua ukutani mwa chumba changu. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na mchiriku, vinanda vidogo vya Casio vilivyofungwa kwenye spika za kuazima, sauti ikitoka imekwaruzika mpaka inauma. Vikaja vigodoro, ngoma za mtaani za kukesha, uchochoro ukifungwa kwa maturubai. Kisha vijana wa Manzese, Tandale na Mburahati wakachukua vipande vya taarabu, wakavizungusha kwenye kompyuta na kuvikimbiza mpaka mapigo mia mbili kwa dakika, wengine hata mia tatu. Mitaani tulikuwa na Msaga Sumu, tukawa na Man Fongo, tukawa na Dulla Makabila. Mwaka 2017 kazi za studio ya Sisso, ya Mburahati, zilitoka kwenye albamu ya Sounds of Sisso chini ya lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, na ghafla watu wa Ulaya wakawa wanauchezea muziki ambao mjini kwetu wengi walikuwa wakiuita kelele za wahuni. Lebo hiyo ni pacha wa tamasha lililoanza Jinja mwaka 2015. Nilitaka kuisikia singeli mahali ambapo watu wamefunga safari kwa ajili yake. Nilitaka, mara moja maishani, niwe mmoja wa waliofunga safari.

Jina la tamasha nilimtajia mama mkubwa kama lilivyo, Nyege Nyege, nikamweleza kwamba kwa Kiganda ni ile hamu ya kucheza inayomjia mtu ghafla asiweze kuizuia, wala si hili la kwetu linalotufanya tuangalie pembeni. Alinitazama machoni kuhakikisha. "Kila neno lina kwao," akasema, akaendelea kukunja magauni.

Sisi wa pwani matamasha tunayo, ila ya kurudi kulala nyumbani. Sauti za Busara, inayofanyika Zanzibar tangu 2004, inakukuta ukilala gesti au kwa ndugu, Mji Mkongwe wote uko mlangoni. Bagamoyo, kwenye tamasha la chuo cha sanaa, TaSUBa, mtu wa Dar anaweza kuwahi gari la usiku akalala kitandani kwake. Itanda ni shamba, mto na barabara ya vumbi. Huko unakwenda na nyumba yako mgongoni. Picha pekee za matamasha ya namna hiyo nilizokuwa nimeziona ni za Woodstock ya mwaka 1969 na Glastonbury ya Uingereza, watu wamezama matopeni mpaka magotini na bado wanacheka. Nilipozitazama zile picha niliangalia nyuso, na nikapakia begi kwa ajili ya nyuso.

Mama mkubwa aliangalia miguu.

Yeye ni Msabato wa kuzaliwa, mtu wa Same, huko Upareni ambako Usabato ulianzia nchini mwaka 1903. Kila mwaka tangu usichana wake anakwenda makambi: juma zima watu wanahama nyumba zao, wanalala mahemani, kwenye vibanda au kwenye madarasa ya shule, wanapika kwa zamu, kwaya zinaamka kabla ya jogoo. Muziki ninaoupenda mimi yeye haupendi, na hajawahi kuuficha moyo wake juu ya jambo hilo. Lakini alipofikiria mtoto wa mdogo wake akitetemeka usiku kwenye nyasi za ugenini, muziki uliwekwa kando.

"Kambini unapanga hivi," akasema. "Unaanza na mgongo. Unakuja miguu. Unakuja tumbo. Unakuja choo. Nguo ni mwisho, na begi likijaa kabla hujafika kwenye nguo, mshukuru Mungu."

Mgongo kwanza, kwa sababu baridi ya kambini haitoki juu. Inatoka chini. Ardhi inakunywa joto lako usiku kucha, na mtu anaongeza blanketi la kujifunika wakati anayepaswa kufunikwa ni udongo. Akanionyesha: mkeka wa plastiki uguse ardhi, kwa kuwa hauogopi maji; juu yake blanketi limekunjwa mara mbili; juu ya blanketi mkeka wa ukindu, ambao hautoi jasho; kisha wewe, na khanga mbili za kujifunika. Nilikuwa nimepanga kununua mfuko wa kulalia niliouona dukani kwa bei ya kodi yangu ya mwezi. Sikuununua. Alisimama, akautoa mkeka wake mwenyewe nyuma ya kabati, wa ukindu uliotiwa rangi ya zambarau, pembeni umeshonewa kitambaa cheusi, akauviringisha na kuufunga kwa kamba ya katani. Mkeka huo umekwenda makambi miaka mingi kuliko nilizokaa shuleni.

Miguu: ndala za bafuni, raba moja iliyokwisha kuzoea vidole vyangu, na mabuti ya mpira. Soksi jozi nne, lakini jozi moja ni ya kulalia na haitoki hemani hata kwa dakika moja, haijalishi dharura gani imetokea nje. Ukilala na miguu mikavu, alisema, kesho ipo.

Kwenye tumbo aliharakisha, kwa kuwa jambo lenyewe halina maneno mengi: karanga za kukaanga, viazi vitamu vya kuchemsha kwa ajili ya siku ya kwanza tu, unga wa ulezi na sukari kwenye kopo lenye kifuniko, jerikeni la lita tano, vidonge vya kutibu maji, pakiti sita za chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini. Mimi nikaongeza dawa ya malaria ya mseto, maana ukipandwa na homa porini hutaki kuanza kuulizia duka la dawa liko wapi.

Choo alikikalia. Alisema wanawake wengi wanaugua kambini kwa sababu ya choo, na hawaugui kwa uchafu peke yake. Wanaogopa kwenda gizani, kwa hiyo hawanywi maji tangu saa kumi jioni, kwa hiyo usiku kichwa kinagonga na asubuhi mkojo unauma. Basi: kopo lako mwenyewe lenye mkono, sabuni ya mche iliyokatwa vipande vinne, karatasi za chooni, pedi hata kama si siku zako, na tochi ya kufunga kichwani. "Ya mkononi usibebe. Mkono mmoja umeshika kopo, mwingine umeshika khanga. Ya mkononi utaishika na nini?" Nimekaa semina nyingi za afya kazini. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Na khanga. Alitoa doti mbili. Ni shuka, ni pazia la kuogea, ni taulo linalokauka kwa nusu saa badala ya lile langu la siku mbili, ni mto ukiviringisha nguo ndani, ni mbeleko ya begi kamba ikikatika, ni kivuli saa saba mchana, ni stara ukitaka kubadili nguo mbele za watu, na pindoni mwake ndimo wanawake wa pwani wamefunga hela zao tangu hela zilipokuwa za chuma. Siku mabomu yalipolipuka Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009, na watu wakakimbia bila kujua wanakimbilia wapi, mama mkubwa alitoka na khanga na bahasha ya vyeti, akambeba mgongoni mtoto ambaye hakuwa wake mpaka mama yake alipopatikana. Aliyasimulia hayo akiwa anazikunja, kama mtu anayesema bei ya nyanya.

Hema nilikwenda kulitafuta Tandika sokoni, Jumamosi asubuhi, marobota ya mitumba yanapofunguliwa. Madukani Dar mahema ya kulala mtu mmoja au wawili hayapatikani kila kona. Mengi ni ya sherehe au ya watalii, na bei zake ni za watalii pia. Lakini mitumba inaleta kila kitu kutoka kila mahali. Nililikuta limevingirishwa kati ya mapazia, la bluu, la watu wawili, limeandikwa lugha ambayo mimi na muuzaji hatukuitambua. Alianza na elfu themanini. Nililitandaza pale pale chini, nikakuta fito moja imevunjika na vigingi havipo hata kimoja. Tukamalizana kwa elfu arobaini. Fundi wa kuchomelea, mita chache kutoka pale, alinikatia vigingi kumi na viwili vya nondo nyembamba, akavikunja kichwa kimoja kimoja kama ndoano, na ile fito akaivalisha kipande cha bomba la bati. Nilitoka Tandika nimebeba nyumba kwapani na sijui inasimamaje.

Aliyejua ni baba mdogo, na baba mdogo anakaa Mabwepande.

Kutoka Mbagala mpaka Mabwepande ni kulivuka jiji lote, kusini mpaka kaskazini. Daladala mpaka Kariakoo, nyingine mpaka Mwenge, nyingine mpaka Bunju, kisha bodaboda inayopanda barabara ya udongo mwekundu, upepo ukibadilika njiani kutoka wa moshi kwenda wa mikorosho. Nilikaa na hema mapajani safari nzima. Kondakta mmoja aliniuliza kama nahama.

Baba mdogo hakwenda Mabwepande kwa kupenda. Alikuwa na vyumba viwili bonde la Msimbazi, upande wa Kinondoni, mpaka Desemba 2011, mvua ile iliyoua watu zaidi ya arobaini jijini na kulifanya bonde zima kuwa mto. Waliopoteza nyumba walipewa viwanja Mabwepande, na kabla ya viwanja kuwa na nyumba waliishi kwenye mahema, safu kwa safu, kwenye uwanja uliokuwa pori juzi yake. Mke, watoto watatu, ndoo, na redio iliyookolewa. Alikaa humo miezi.

Alilipokea hema langu mikononi, akalipima uzito, akalinusa. Kisha akaanza kufundisha bila kuulizwa.

"Hema si nyumba," akasema. "Hema ni nguo. Nyumba inakulinda hata usipoijali. Nguo lazima uivae vizuri."

Tulilisimamisha nyuma ya jiko lake, tukalibomoa, tukalisimamisha tena, mara nne, mara ya mwisho nikiwa nimefumba macho kwa sababu alisema nitafika usiku, na wageni hufika usiku. Kigingi hakipigwi wima. Kinalazwa, kichwa kikilikimbia hema, ili kamba ikivuta kikaze badala ya kung'oka. Mlango uupe mgongo upepo. Turubai la juu lisiguse kitambaa cha ndani hata kidogo, maana palipogusana ndipo maji yanapopita, na mtu aliyelala asiegemee ukuta kwa sababu hiyo hiyo. Usiku uache tundu wazi juu, hata kama kuna baridi, kwa sababu pumzi ya mtu ni maji. Ukifunga kila kitu utaamka umelowa bila mvua. Akaleta mshumaa, akasugua mishono yote na meno ya zipu. Kisha akapanda kwenye stuli na kunimwagia ndoo mbili za maji juu, mimi nikiwa ndani na tochi, nikitafuta panapovuja. Palivuja sehemu tatu. Akasugua tena.

La mwisho alilisema akiwa anafuta mikono. "Ukifika, watu watakuwa wamejipanga karibu na maji, pazuri, panapotazamika. Wewe tazama nyasi. Zilipolala zote upande mmoja, maji yalishapita hapo. Usilale njia ya maji, hata kama ni miaka hayajapita."

Mkewe alileta chai. Tulikaa tukilitazama lile hema la bluu likichuruza. Watoto wa jirani walikuwa wameshaingia ndani na wanacheka, na baba mdogo aliwaacha wacheke kwa muda mrefu kuliko nilivyomzoea. "Mimi langu nilipewa," akasema baadaye. "Wewe umekwenda ukalinunua. Nimefurahi sana."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi kuliko nilivyofikiria muziki. Nilitoka nyumbani kutafuta maarifa ya starehe, na kila aliyenipa alikuwa ameyapata ibadani au kwenye mafuriko. Hakuna aliyeniuliza kwa nini mtu alale chini kwa hiari yake. Walinifundisha tu, kwa moyo mmoja, nilale vizuri.

Karatasi zilichukua muda wao. Uganda inataka cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo yenyewe inahesabiwa kuwa imeshika siku kumi baada ya sindano, kwa hiyo anayeikumbuka wiki ya safari amechelewa. Jambo jema ni kwamba tangu 2016 cheti hakiishi muda wake. Sindano moja ni ya maisha. Pasipoti, cheti na dola chache nilivishonea mfuko wa kitambaa ndani ya sketi. Halafu suala la mifuko. Mwili mzima ulikuwa unataka kufunga nguo kwenye mifuko ya plastiki zisilowe, kama tulivyofanya miaka yote, lakini kwetu ilipigwa marufuku Juni 2019 na Kenya, ambayo basi lingepita, iliipiga marufuku tangu Agosti 2017 kwa adhabu kali. Fundi cherehani wa Charambe alikata salfeti mbili za mchele, akazishonea kamba mdomoni. Nguo moja, chakula moja. Ni ngumu, hazichaniki, na ukizijaza nguo unapata mto wa pili.

Tarehe 6 Septemba, siku tisa kabla ya tamasha, Bunge la Uganda lilitamka kwamba lisifanyike, kwa hoja za maadili. Tiketi ya basi nilikuwa nimeshakata. Begi lilikuwa limesimama mlangoni, mkeka umefungwa ubavuni, na usiku ule nilikaa nikilitazama kama mtu anayetazama mgeni aliyekosa gari. Kesho yake serikali ikaliruhusu kwa masharti. Mama mkubwa alinipigia simu kabla sijampigia. Alikuwa amesikia redioni. "Ongeza pakiti mbili za chumvi," akasema.

Safari yenyewe sitaisimulia sana, basi ni basi. Alfajiri ya Jumanne kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, begi likaingia kwenye buti. Segera, Same ambako nilipunga mkono dirishani kwa niaba ya mtu, Arusha, Namanga, Nairobi usiku. Kesho yake Nakuru, Eldoret, mpaka wa Malaba, na Jinja taa zikiwaka. Alhamisi bodaboda ilinifikisha Itanda, mimi nyuma, begi mbele kwenye tangi. Getini walipekua kila kitu na kisu changu cha maembe kikabaki pale. Hilo nililistahili, ningepaswa kujua.

Baba mdogo alikuwa amesema kweli. Mahema mengi yalikuwa yamejipanga mteremkoni panapoonekana mto, na ni mto wa kutazama kweli: maji meupe yanavunjika mwambani kwa ngurumo isiyopumzika, mpaka muziki ukinyamaza unadhani kuna spika nyingine inaendelea. Nilitazama nyasi. Nikapanda juu kidogo, karibu na mti, nikalisimamisha hema kwa dakika kumi na mbili, gizani, bila kumwuliza mtu. Mtoni sikuingiza hata vidole. Kichocho kipo Naili kama kilivyo Ziwa Viktoria, na sura ya maji mazuri haikipunguzi.

Asubuhi ya kwanza dada mmoja wa Nairobi, jirani yangu wa hema, alitoka ametota nywele na blanketi na hakuna mvua iliyonyesha. Alikuwa amefunga kila tundu kwa ajili ya baridi. Nilimpa khanga moja, nikamwonyesha pa kuacha wazi. Kuanzia hapo tukawa watatu, na mwenzake, tukipishana kulinda mahema na kusindikizana chooni. Nilichokisahau ni kofuli. Nilichobeba bure ni gauni la pili. Pawabenki ilimaliza siku tatu kwa sababu simu niliizima usiku. Plagi za masikio, zile za povu, nilizinunua kwa wasiwasi na nikazivaa kwa shukrani. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limependekeza kumbi za muziki zisizidi wastani wa desibeli 100, na mtu anayesimama mbele ya spika zilizopangwa kama ghorofa anaelewa kifuani kwa nini.

Singeli ilipigwa usiku mkubwa. Nilikuwa na mabuti ya mpira, soksi kavu zikinisubiri hemani, khanga kiunoni, tochi kichwani imezimwa. Ilipoanza nilitulia sekunde kadhaa, kwa sababu mwili wangu unaijua sauti ile kama sauti ya kukosa usingizi, ya kuwahi kazini kesho, na haukuelewa kwa nini pale hakuna anayegonga ukuta. Halafu nikacheza. Maelfu ya watu walikuwa wanacheza, wengi hawajui neno hata moja la anayechana. Kijana wa Kampala aliyekuwa ubavuni mwangu aliniinamia akauliza kwa Kiingereza yule anasema nini. Nikamwambia anamtaja mama yake, na mwenye nyumba, na mtaa. Akauliza mtaa gani. Nikautaja, nikaeleza basi gani linafika hapo na stendi iko wapi, nikipiga kelele kwenye sikio lake, na yeye akawa anaitikia kwa kichwa kwa makini, kama atakwenda kesho.

Nililala saa kumi na moja alfajiri, mgongo wangu juu ya ukindu wa zambarau, na sikuhisi ardhi.

Nilipokuwa njiani kurudi, tarehe 20 Septemba, Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola, Mubende, mbali na tulipokuwa. Kwa hiyo nilipofika Charambe nilimkuta mama mkubwa uani, si sebuleni, na ndoo mbili, sabuni ya mche na kopo. Hakunikumbatia. Alinionyesha bafu kwa kidole, na nilipotoka ndipo akanikumbatia, akanishika muda mrefu, nywele zangu zikimlowesha bega.

Kisha akamwaga begi, pale pale uani, juu ya saruji. Alikitenga kila kitu kwa mpangilio wake. Akahesabu soksi. Akaifungua mikeka na kuikung'uta, udongo wa Itanda ukadondoka, mwekundu kama wa Mabwepande. Akaona khanga ni tatu na doti moja haijakamilika.

"Moja iko wapi?"

"Nairobi, mama. Nilimwachia dada mmoja, jirani wa hema. Alikuwa amelowa."

Akaitikia, akazitumbukiza tatu zilizobaki kwenye maji ya sabuni. Vigingi vya nondo alivifuta kimoja kimoja kwa kitambaa, akaviinua juani kuvitazama ndoano zake, akajaribu kimoja kwenye udongo wa pembeni mwa mwembe, akakilaza kama nilivyomwelekeza. Akavuta. Hakikung'oka. Basi akaichukua na tochi ya kichwani, akajifunga, akaiwasha mchana ule kweupe, akageuza shingo kushoto na kulia mikono yote miwili ikiwa na povu.

"Hivi vinabaki huku," akasema. "Makambi ya mwakani natangulia navyo. Wewe fundi wako wa Tandika bado yupo?"

Nikamwambia yupo.